Uzi: Kuzunguka Arusha, Kilimanjaro na Manyara kwa gharama ndogo, mahali pa kulipa nauli na mahali pa kuomba lifti

Mwana_Njiapanda (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Naandika uzi huu kwa ajili ya wale wanaozunguka kanda hii kwa kazi au kwa mapenzi ya kuiona nchi: maofisa ugani wapya, walimu waliopangiwa shule za pembezoni, wanafunzi wanaokusanya data, wachuuzi wa minada, na wageni kutoka mikoa mingine wanaofika Arusha wakidhani kila kitu kiko karibu na mnara wa saa. Kanda hii ni pana. Mkoa wa Arusha peke yake, hata baada ya Manyara kumegwa mwaka 2002, unazidi kilomita za mraba 30,000, na lami inapita katika sehemu ndogo tu ya eneo hilo. Anayetaka kufika Wasso, Mang'ola, Orkesumet au Kamwanga bila gari lake mwenyewe anahitaji kujua mambo ambayo hayakubandikwa kwenye ukuta wa stendi yoyote.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tujadiliane juu yake. Penye lami na magari ya kutosha, lipa nauli. Lifti iachie njia ambako basi hupita mara moja kwa siku au halipiti kabisa. Najua wapo wanaojivunia kutoka Arusha hadi Moshi bila kutoa senti, kwa hiyo naomba tufanye hesabu pamoja. Viwango vya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, vilivyoanza kutumika Desemba 2023 viliweka nauli kikomo ya basi la daraja la kawaida kwenye lami kuwa shilingi 48.47 kwa abiria mmoja kwa kilomita, na daladala ya mjini kwa safari isiyozidi kilomita 10 kuwa shilingi 600. Arusha hadi Moshi ni takriban kilomita 80, yaani chini kidogo ya shilingi 3,900. Anayesimama Usa River asubuhi nzima akisubiri gari binafsi limbebe bure ameokoa fedha hiyo na kupoteza siku ya kazi, na mara nyingi dereva anayesimama hutarajia mchango wa mafuta usiopishana sana na nauli ya Kosta. Hesabu hiyo hiyo ya kuzidisha umbali kwa kiwango cha kilomita itakusaidia pia pale konda anapotaja bei kubwa kwa sababu amekuona una begi mgongoni. Mwulize kwa upole hiyo ni kilomita ngapi, na uombe tiketi.

Kuhusu magari yenyewe sina mengi, kwa sababu wenyeji wanayafahamu. Kosta ndizo zinazobeba njia ya Arusha na Moshi, zinaondoka zikijaa, na zinasimama kila kituo. Hiace zinapanda Marangu, Machame, Kibosho na Uru kutoka stendi ya Moshi. Noah zinatawala njia za Namanga na Karatu: zina kasi, na abiria hubanwa. Ninachoshauri ni kutoikata safari vipande vipande bila sababu, maana kila kipande kina nauli yake ya chini, na jumla ya vipande vitatu huzidi nauli ya safari moja.

Mahali ambapo kukata safari kuna faida ni kwenye njia panda, na hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Anayetoka Moshi kwenda Mirerani hana haja ya kufika Arusha mjini. Anashuka njia panda ya KIA, yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na kupata gari la Mirerani hapo hapo, barabara ya lami. Anayekwenda Sanya Juu anashuka Boma Ng'ombe. Anayekwenda Masama anashuka Kwa Sadala. Anayetoka Dodoma au Babati kwenda Karatu anashuka Makuyuni, takriban kilomita 80 kabla ya Arusha, na kama anakwenda Mbulu na yuko radhi kupanda mlima wa Magara, basi hata Makuyuni hafiki, anashuka Mbuyu wa Mjerumani. Kabla ya safari chora ramani ndogo ya njia panda hizi kwenye daftari lako, kisha mwambie konda jina la njia panda kabla gari halijaondoka, na umkumbushe mkiwa njiani.

Sasa nije kwenye lifti. Jambo linaloleta nafuu kubwa kuliko mengine yote ni kujua gari linarudi wapi likiwa tupu. Kila bidhaa katika kanda hii ina mwelekeo wake, na gari lililoshusha mzigo linarudi lilikotoka bila kitu. Chukueni mfano wa vitunguu vya Mang'ola, kandokando ya Ziwa Eyasi. Fuso zinatoka huko zikiwa zimejaa magunia hadi juu, dereva ana haraka ya soko, na kwenye kibini wamekaa mwenye mzigo na utingo. Hapo usitegemee nafasi. Lakini Fuso ile ile ikirudi kutoka Karatu kwenda kupakia tena ina kiti kitupu na dereva anayetafuta mtu wa kuzungumza naye kwa takriban kilomita 50 za vumbi. Kwa hiyo kuingia Mang'ola kwa lifti ni rahisi, na kutoka ni kugumu. Fedha ya basi iweke kwa ajili ya kutoka. Siku za soko la Tengeru, yaani Jumatano na Jumamosi, mambo huenda hivyo pia: pikapu zinateremka kutoka vijiji vya Meru alfajiri zikiwa na ndizi na mboga, kisha kuanzia mchana zinapanda zikiwa nyepesi.

Yapo pia magari ya utalii. Wageni wengi humaliza safari yao Serengeti na kuruka kwa ndege ndogo kutoka Seronera, na dereva hurudi Arusha peke yake na gari lenye viti vitupu. Akifika Karatu na kusimama kula, unaweza kumwomba kwa adabu. Baadhi ya kampuni huwakataza madereva wao kubeba mtu yeyote, na kazi ya mtu ina thamani kuliko nauli yako, kwa hiyo akikataa mshukuru na umwache ale. Ndani ya hifadhi zenyewe msithubutu kusimama barabarani kuomba lifti. Wanaoingia Ngorongoro na Serengeti hulipa kiingilio, hata abiria wa mabasi ya Musoma na Mwanza yanayokatiza humo, na kutembea kwa miguu bila kibali ni kosa na ni hatari kwa maisha.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia nafasi ni mahali pa kusimama. Tangu barabara ya mchepuo ya Arusha yenye urefu wa kilomita 42.4 ilipokamilika, malori mengi ya masafa hayaingii tena mjini. Barabara hiyo inaanzia Ngaramtoni, inakata barabara ya Dodoma upande wa Kisongo, na kuibukia upande wa Usa River. Bado nawaona vijana wakisimama Sakina au Sanawari wakisubiri lori la Namanga, ilhali lori lenyewe limeshapita nyuma ya mji. Panda daladala ya shilingi 600 hadi barabara yako inapokutana na mchepuo, kisha usimame baada ya makutano, mahali ambapo dereva amepunguza mwendo na ana nafasi ya kuegesha pembeni bila kuzuia wengine. Kwenye mizani, kama ile ya Makuyuni, ni bora zaidi, kwa kuwa malori husimama kwa lazima na unaweza kuzungumza na dereva uso kwa uso.

Karibuni mchangie, hasa wenye uzoefu wa upande wa Rombo, Siha na Simanjiro.

Mama_wa_Ngaramtoni

Asante kwa uzi, kaka yangu. Nakuunga mkono kuhusu kulipa nauli penye daladala, lakini naona suala la wanawake umelipita, nami nitalijaza kwa sababu nina mabinti wanaosafiri.

Mwanamke anayesafiri peke yake asiombe lifti katika gari lenye wanaume pekee, hata liwe zuri kiasi gani na hata jua liwe limezama na basi limeshapita. Ni heri kurudi kijijini kuomba hifadhi kwa mwenyekiti, parokiani, msikitini au kwa mwalimu wa kike wa shule iliyo karibu. Katika vijiji vyetu hakuna mama atakayemwacha binti wa watu alale nje. Gari lenye familia, au lenye mama mwingine aliyekwisha kukaa ndani, hilo ni la kupanda. Kabla ya kufunga mlango apige simu kwa sauti inayosikika, amtajie mtu wa nyumbani namba ya gari, mahali alipopandia na saa anayotarajia kufika. Dereva mwema hatachukizwa, na mwenye nia mbaya atajua kwamba anajulikana.

Jambo jingine ni saa. Tangu Oktoba 2023 mabasi ya masafa marefu yaliruhusiwa tena kutembea usiku, na vijana wamedhani kwamba usiku umekuwa saa ya kawaida ya kusafiri. Basi la usiku linakushusha njia panda saa tisa, na hapo njia panda hakuna Hiace wala taa. Panga safari yako ili njia panda ya mwisho uifikie kabla ya saa tisa alasiri.

Mwana_Njiapanda

Asante sana, mama. Nyongeza yako ina uzito, na naomba kila anayesoma aichukue kama sehemu ya andiko la kwanza.

Usukani_Mstaafu

Wanangu, nimeendesha malori njia ya Namanga, Arusha, Babati hadi Dodoma, tangu kipande cha Kondoa kikiwa vumbi, kabla lami haijafunguliwa mwaka 2018. Niwaeleze mambo yalivyo kutoka upande wa kiti cha dereva.

Dereva akikuona mbali anajiuliza maswali mawili: huyu atanichelewesha, na je, atanitia hatiani? Gari la mizigo halina leseni ya kubeba abiria. Askari wa usalama barabarani akikuta watu wamekaa juu ya mzigo, dereva ndiye anayelipa, na faini ya papo kwa hapo ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Nauli yako ya elfu mbili haimsaidii kitu. Ndiyo maana dereva mwenye akili hukubali mtu mmoja, kibinini tu, mwenye mzigo mdogo. Mkiwa watatu, gawaneni; mkisimama pamoja hakuna atakayewachukua. Na juu ya magunia msipande kamwe, hata mkiambiwa kwamba ni hapo mbele tu. Mteremko mmoja na breki moja ya ghafla vinatosha kumrusha mtu. Lori la mafuta nalo liacheni lipite, hata dereva mwenyewe akisimama na kuwaita.

Namna ya kusimamisha gari ni kunyoosha mkono, kiganja kikitazama chini, na kuupunga taratibu. Kidole gumba wanachokionyesha baadhi ya wageni hakieleweki kwa wengi wetu. Dereva anadhani unamsalimu, naye anakupigia honi na kuendelea na safari yake. Gari likisimama, anza kwa salamu kama mtu mwenye malezi, kisha sema: naomba unisogeze hadi Minjingu, nina kiasi hiki cha kuchangia mafuta, au sina kitu. Sema hivyo ukiwa bado chini. Ugomvi mwingi niliouona ulitokana na abiria aliyedhani amepewa msaada na dereva aliyedhani amempata mteja. Ukiwa ndani usilale. Dereva alikuchukua ili akae macho.

Kijana_wa_Usa

Shikamoo mzee wangu. Naomba kuuliza: kama gari binafsi linachukua watu kwa fedha kila siku asubuhi, mfano hizi Noah zisizo na namba ya njia, je, hiyo tuihesabu kuwa lifti au daladala?

Usukani_Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Hiyo ni biashara ya abiria isiyo na leseni ya LATRA, ndiyo tunayoiita gari bubu. Ikikamatwa mtashushwa nyote njiani, na nauli uliyolipa huirudishiwi. Penye gari lenye leseni, panda lenye leseni.

Mrombo_wa_Mkuu

Mwanzisha uzi ameomba habari za upande wetu. Mlima unaweza kuzungukwa wote kwa magari ya kawaida, na kwa maoni yangu hakuna safari ya bei ndogo inayoonyesha mambo mengi kama hiyo. Kutoka Moshi unapanda gari la Rombo linalopita Himo, Marangu Mtoni na Mkuu hadi Tarakea, lami yote. Kutoka Tarakea kwenda Kamwanga magari yanapungua, kwa hiyo uwe Tarakea mapema asubuhi. Kutoka Kamwanga unazunguka upande wa kaskazini na magharibi hadi Ngarenairobi na Sanya Juu, ambako mbali na Hiace utakutana na malori ya viazi na ya magogo kutoka shamba la miti la West Kilimanjaro. Hapo maneno ya mzee kuhusu kibini yanahusika. Kutoka Sanya Juu hadi Boma Ng'ombe magari ni mengi, na ukifika Boma uko kwenye barabara kuu ya Arusha na Moshi. Anayeanza alfajiri anaweza kumaliza kwa siku moja, lakini mwenye busara hulala Tarakea, kwa sababu katikati ya mzunguko huo gari moja likiharibika hakuna linalofuata nyuma yake kwa saa kadhaa.

Hesabu ya mwanzisha uzi kuhusu magari matupu inafanya kazi vizuri zaidi kwetu mwezi wa Desemba. Wachaga wanarudi nyumbani kwa Krismasi, mabasi kutoka Dar es Salaam yanajaa, na serikali huruhusu mabasi ya ziada. Mabasi hayo hayo yanageuka Moshi na kurudi Dar yakiwa na viti vingi, na magari binafsi yaliyoshusha wazee na mizigo yanateremka yakiwa na nafasi. Mwenye safari ya kuelekea Same, Korogwe au Dar kati ya tarehe 20 na 24 atapata kiti bila kusukumana. Baada ya mwaka mpya mambo yanageuka kinyume, na hapo anayepanda kuja Moshi ndiye mwenye raha. Msimshawishi konda awachukue wakati wa msongamano kwa kukaa kwenye kigoda katikati ya viti. Abiria wa kigoda ndiye anayeumia wa kwanza gari likifunga breki.

Kijana_wa_Usa

Na treni? Wengine wanasema ndiyo nafuu kuliko zote.

Mwana_Njiapanda

Treni ya abiria ilirejea Moshi Desemba 2019 na Arusha mwaka 2020, baada ya miaka mingi ya reli hiyo kubaki na nyasi. Kwa anayekwenda Same, Korogwe au Dar akiwa na mizigo mingi, daraja la tatu ni nafuu ya kweli. Kwa safari za ndani ya kanda haifai, kwa sababu siku zake ni chache na mwendo wake ni wa taratibu. Uliza stesheni kabla ya kupanga lolote, maana mvua za masika huweza kusimamisha huduma.

Mtafiti_Mpya

Nashukuru kwa elimu hii. Nina swali mahususi. Mwezi ujao natakiwa kufika Ngare Sero, karibu na Ziwa Natron, kwa kazi ya wiki mbili. Nimeambiwa nikodi gari Arusha, na bei niliyotajiwa inamaliza bajeti yangu yote. Je, inawezekana kufika kwa usafiri wa umma?

Mwana_Njiapanda

Inawezekana, mdogo wangu, na njia hii ndiyo iliyonifanya niandike uzi, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Ngare Sero iko zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Mto wa Mbu, chini ya Ol Doinyo Lengai. Mabasi ya Loliondo yanayotoka Arusha alfajiri yana njia mbili: moja inapanda Karatu na kukatiza Ngorongoro na Serengeti, nyingine inaacha lami Mto wa Mbu na kupitia Selela, Engaruka, Ngare Sero na Sonjo. Unalolihitaji ni hilo la pili. Nenda stendi siku moja kabla, kata tiketi, na umwulize mkatisha tiketi kwa maneno haya haya kama basi linapitia Engaruka. Usiulize tu kama linakwenda Loliondo, kwa sababu atakujibu ndiyo, na huenda ukajikuta Lodoare, geti la Ngorongoro, ukidaiwa kiingilio cha hifadhi ambayo huna kazi nayo.

Ukilikosa, fika Mto wa Mbu kwa Noah ya Karatu na ulale hapo. Nyumba za wageni za bei ndogo zipo. Asubuhi nenda mahali ambapo barabara ya Engaruka inaachana na lami, uzungumze na wenye maduka ya jumla. Hao ndio wanaojua ni pikapu gani inapeleka unga, sukari na vinywaji Engaruka na Ngare Sero siku hiyo, na neno lao kwa dereva lina nguvu kuliko mkono wako barabarani. Hapa lifti ni halali yako kabisa kuiomba, kwa kuwa humnyang'anyi mwenye daladala riziki yake, daladala haipo. Changia mafuta bila kusubiri kuombwa, na saidia kushusha mizigo mkifika. Utakaporudi baada ya wiki mbili, watu hao hao watakukumbuka.

Ukikwama Engaruka usiwe na hofu. Ni kijiji kikubwa chenye maji na maduka, na magofu ya mifereji ya kale ya umwagiliaji yako jirani, kwa hiyo siku ya kusubiri haitakuwa ya bure. Mbele ya Engaruka ndipo penye ugumu. Makorongo hukata barabara mvua zikinyesha, za masika kati ya Machi na Mei hasa, na hata basi hulala njiani. Chukua maji ya kunywa ya siku nzima, kitambaa cha kujifunika vumbi, na fedha taslimu za noti ndogo. Halmashauri ina vizuizi vya ushuru vya wageni katika barabara hiyo. Beba kitambulisho na barua ya kazi yako, ueleze kwamba hukuja kutalii.

Kwa upande wa kurudi, basi linatoka Loliondo usiku, kwa hiyo hupita Ngare Sero mapema sana. Mwombe mwenye duka unayelala jirani naye akupe namba ya konda, na umpigie jioni ya siku iliyotangulia ili akuwekee nafasi. Ukishuka Mto wa Mbu uko kwenye lami, na kutoka hapo hadi Arusha lipa nauli ya Noah, upumzike.

Mtafiti_Mpya

Nimeandika yote. Nitaanza kwa kwenda stendi Jumatatu kuulizia basi la kupitia Engaruka, na nikirudi nitaweka hapa majina ya vituo na nauli za kila kipande.

Mwana_Njiapanda

Fanya hivyo, na ukiweza utuwekee pia hali ya makorongo baada ya Engaruka, kwa sababu kuna mwalimu amenitumia ujumbe faraghani akisema amepangiwa shule ya huko na anaripoti mwezi unaofuata.